Mfalme Mnong'ono na Mtihani wa Mei

Leland Brandvold alikuwa na tabia moja ambayo hakuna mtu pale mjini Halverton aliyewahi kumkanya kwa ajili yake: aliwatisha watoto kwa sauti ya chini. Hakufoka, hakugonga meza. Aliinama kwenye dawati lako, akakuambia kwa upole wote kwamba ukipata mbili kwenye mtihani wa Mei, hakuna chuo cha maana kitakachokufungulia mlango. Kisha alikupigapiga bega na kwenda zake. Watoto wa miaka kumi na saba, wengine mabeki wa timu ya shule wenye shingo nene, walitoka mle wamenywea.

Alifundisha historia ya Ulaya miaka thelathini na mbili katika sekondari yetu, chumba cha mwisho ghorofa ya pili, kile chenye dirisha linalotazama kiwanda cha karatasi. Siku hizi kiwanda hakitoi moshi. Baba yake alikitumikia mpaka kikamla vidole viwili. Leland ndiye wa kwanza kwao kufika chuo. Alisoma huko habari za wafalme wa watu wengine, akarudi nazo nyumbani akaona amepata mali. Kurudi simlaumu, wengi wangetokomea moja kwa moja. Ila alirudi ameshika imani moja kichwani: kwamba mlango wa kutokea Halverton ni mmoja tu, na ufunguo anao yeye mfukoni.

Somo lake lilikuwa la ngazi ya chuo. Unalisoma mwaka wako wa mwisho, Mei unafanya mtihani wa Bodi ya mitihani ya nchi nzima, Juni unasahihishwa huko mbali, na Julai unaletewa alama yako, kuanzia moja mpaka tano. Tatu ni kufaulu. Waliopata tano aliwapiga picha, akazitundika ukutani kuzunguka darasa lote, kwa hiyo kila ukiinua macho kutoka kwenye daftari ulikutana na mtu aliyekushinda akili.

Sasa hebu pigeni hesabu ya miezi wenyewe. Maombi ya chuo yanatumwa kabla ya Krismasi. Majibu yanakuja Machi. Mtihani ni Mei, alama ni Julai. Mtu yeyote mwenye kalenda jikoni kwake angeona kwamba alama ya Julai haiwezi kumfungia mtu mlango alioupita tangu Machi. Lakini nani aliangalia kalenda? Wazazi hawakuangalia, mshauri wa shule hakuangalia, na watoto walikuwa na hofu. Miaka yote hiyo tulimwamini kwa sababu alisema polepole na alivaa tai.

Agosti ya mwaka ninaousimulia mkuu wa shule alimwita. Gretchen Sobczak alikuwa mwanafunzi wake zamani, na picha yake haikuwahi kupanda ukutani. Alipata mbili.

"Kaa basi, Leland."

"Nimesimama vizuri tu."

"Mwaka juzi waliofaulu ni theluthi. Mwaka jana hata theluthi hawakufika. Kamati ya shule wananiuliza, nami nawajibu nini?"

"Wajibu kwamba watoto wa siku hizi hawasomi."

"Hilo nimeshawajibu mara mbili, hawalitaki tena. Sasa wanataka nusu. Nusu ya watakaokaa kwenye mtihani wapate tatu kwenda juu. Wasipofika, somo linahamia chuo cha ufundi, na watoto watalifuata huko kwa basi. Wewe utabaki na udereva."

"Udereva."

"Lazima awepo mtu wa kuwafundisha udereva, Leland."

Alitoka mle ofisini. Mkewe Lorna anasema jioni ile hakugusa samaki wake, na ilikuwa Ijumaa, siku ya kula samaki huku kwetu, na walikuwa wamekwenda kula kwenye ile klabu ya kando ya ziwa anayoipenda. Alikaa anageuzageuza kipande cha limau. Alikuwa na miaka sitini na moja. Watoto hakujaliwa. Uvuvi wa kwenye barafu aliuona upumbavu, kanisani alikwenda kwa ajili ya Lorna. Kile chumba ndicho kilichokuwa maisha yake, na sasa kiliwekewa bei: nusu.

Basi akafanya kile ambacho mwalimu mwenye akili na asiye na huruma angefanya. Majina ya watahiniwa hupelekwa kwa Bodi mwezi wa Novemba. Darasa lilikuwa na watoto ishirini na wawili. Aliwachambua kama mchele, akawatenga saba aliowaona wazito, akaanza kuwaita mmoja mmoja baada ya kipindi.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Kazoua Thao. Wazazi wake ni Wahmong, watu waliokuja nchi hii kama wakimbizi wa vita, wanalima mboga nje ya mji na kuziuza sokoni Jumamosi. Msichana alikuwa mkimya, mwandiko wake mdogo, alama zake za kati. Hakuwa anakwenda mbali. Alikuwa anakwenda chuo cha jimbo, na chuo kile ukiwapelekea tatu wanaihesabu kama somo ulilokwisha kulimaliza. Alitaka amalize mapema, awashike mkono wadogo zake.

"Kazoua, mwanangu," Leland alimwambia, "wewe ni mchapakazi, na nakwambia ukweli kwa sababu nakuheshimu. Mtihani huu si wa kila mtu."

"Nikipata tatu inanitosha, mwalimu."

"Na ukipata moja? Alama ile itakufuata. Vyuo vinaiona."

"Si lazima niwapelekee. Nimesoma kwenye tovuti yao."

Leland alitabasamu. "Tovuti. Mimi niko kwenye chumba hiki tangu mama yako hajaolewa. Okoa ada yako ya mtihani, mwanangu. Endelea kukaa darasani, endelea kujifunza, lakini mtihani waachie wenzako."

Msichana akachukua mkoba wake akatoka. Kwao mtoto habishani na mwalimu uso kwa uso, na Leland alilijua hilo vizuri, tena alilitegemea. Wale sita waliobaki walikubali haraka zaidi. Mmoja wao hata alimshukuru. Leland alirudi nyumbani akamwambia Lorna kwamba sasa ana kumi na watano, na wanane tu wakifaulu, kazi imekwisha.

Kumi na watano hao aliwakamua. Alianzisha masomo ya Jumamosi, na akayaanza Novemba ileile, katikati ya zile siku tisa za mwaka zinazoruhusiwa kuwinda kulungu. Mtu wa huku akisikia hivyo anaweka kikombe chini. Wiki ile shule inakaribia kuwa tupu, maduka yanafungwa mapema, na mwanamume ambaye hayuko msituni yuko hospitali. Cody Raddatz, kijana mrefu mwenye chunusi, alimfuata mezani.

"Mwalimu, Jumamosi hii sitaweza. Babu yangu anakwenda kambini kuwinda. Mapafu yake mabaya. Anasema huenda ndiyo mara ya mwisho."

"Babu yako husema hivyo kila mwaka, Cody."

"Mwaka huu ana mtungi wa oksijeni."

Leland aliinama, akaishusha sauti. "Sikiliza. Umeomba uhandisi. Mahali kama pale wanapokea watu wangapi kutoka mji kama huu? Watakutafutia sababu ya kukukataa. Usiwape. Kulungu watakuwepo mwakani."

Cody alikuja Jumamosi. Babu yake alikwenda kambini na jirani, akakaa siku nzima kwenye kiti cha kukunja, hakufyatua hata risasi moja. Februari tulimzika. Ardhi ilikuwa imeganda, ikabidi waichimbe kwa mashine. Leland alikuja mazishini na bakuli la saladi ya viazi aliyotengeneza Lorna, akamshika kijana bega, akamkumbusha kwa upole kwamba Jumatatu wanaanza mapinduzi ya Ufaransa.

Machi majibu yakaja. Cody alipata uhandisi wake. Karibu wote kumi na watano walipata walichotaka au kilichokaribia. Brynn Halloran alipata kikubwa kuliko wote, chuo kimoja cha mashariki ya nchi chenye majengo ya mawe. Brynn ndiye aliyekuwa kipenzi cha Leland. Alikuwa binti wa daktari wa meno, nywele zake zimesukwa vizuri, anacheka na kila mtu na hamwonei mtu haya. Barua ya kumsifia kwa chuo kile Leland aliiandika mara nne kabla ya kuridhika nayo.

Aprili, jioni moja, afisa udahili wa chuo fulani alikuja shuleni kuzungumza na wazazi wa wanafunzi wa mwaka wa tatu. Kulikuwa na kahawa na biskuti, kwa hiyo wa mwaka wa mwisho nao walijichomeka. Mama yule alieleza mambo yake, akauliza kama kuna maswali. Brynn akanyoosha mkono, anatabasamu.

"Samahani, mama. Hizi alama za mtihani wa Mei, nyinyi mnazipa uzito gani?"

"Za mwaka wa mwisho?" afisa alisema. "Hatuzioni kabisa, binti. Zinatoka Julai, na Julai mtoto ameshapewa chumba na kitanda."

"Na za miaka ya nyuma?"

"Zikiwa nzuri zinasaidia kidogo. Zikiwa mbaya, mnakaa nazo, hamtutumii. Tunachotazama sisi ni masomo gani ulithubutu kuyachukua na darasani ulifanyaje. Mimi binafsi sijawahi kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya mbili ya historia ya Ulaya."

"Kwa hiyo mtu akituambia ukipata mbili hakuna chuo?"

"Ningemuuliza kayasikia wapi."

Vichwa vyote vya mwaka wa mwisho viligeuka kuelekea nyuma ya ukumbi. Leland alikuwa amesimama pale na biskuti mdomoni, hajui aitafune au aiteme. Wengi walikuwa wanacheka. Cody hakucheka. Alimtazama mwalimu wake, hata kope hazikucheza, kisha akachukua koti lake akatoka.

Kuanzia siku ile wakamwita Mfalme Mnong'ono. Mwanzoni walimramba kisogo, baadaye hata mbele yake. Akiinama kwenye dawati la mtu, wenzake wanainuka kidogo kwenye viti na kutoa heshima. Akigawa kazi, hairudi. Mei mosi ikafika, siku ya kuvaa masweta ya vyuo walivyopata, na darasa lote likaja na rangi na majina ya vyuo vyao vifuani. Hapo Leland akafanya kosa lake kubwa zaidi. Aliwaambia ukweli.

"Sawa," alisema. "Mtihani huu hautawasaidia nyinyi. Lakini unanisaidia mimi. Nusu yenu wasipofaulu, somo hili linafungwa na mimi natolewa kwenye chumba hiki. Nawaomba. Nifanyieni mimi."

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwao kumsikia anaomba kitu. Brynn ndiye aliyejibu.

"Mwalimu jamani, si ungesema mapema. Tulia, tuachie sisi."

Leland alimwamini. Jioni ile alimwambia Lorna kwamba watoto, ukiwaeleza vizuri, wana moyo. Lorna aliendelea kukunja nguo.

Siku ya mtihani Bodi hairuhusu mwalimu asimamie somo lake mwenyewe. Wale kumi na watano waliingia ukumbi wa michezo na msimamizi mwingine, na Leland akabaki darasani na wale saba aliowaengua. Ili wasikae bure, aliwapa mtihani wa mwaka wa nyuma, saa zilezile, maswali ya kuchagua na insha. Hakuwa na haja nao. Muda wote alikuwa anatembea dirishani na kurudi. Walipomaliza alizitia karatasi zao kwenye mkoba bila kuzitazama, akakimbilia chini ukumbini. Kumi na watano walikuwa wanatoka, wengine wameshikana mabega, wanavunjika mbavu.

"Ilikuwaje?" aliuliza.

"Tumeandika sana, mwalimu," alisema Brynn.

Juni alifunga safari kwenda Kansas City kusahihisha. Hilo nalo lilikuwa jambo lake la fahari. Kila mwaka Bodi hukusanya walimu wa nchi nzima kwenye ukumbi mkubwa kuliko kanisa lolote la kwetu, meza safu kwa safu, wanasoma insha tangu asubuhi mpaka jioni kwa wiki nzima. Vitabu vya majibu havina jina la mtoto wala la shule. Mezani kwake aliketi na walimu saba, na jirani yake alikuwa Otis Pettway kutoka Georgia, mtu mnene mwenye kicheko cha haraka, ambaye wamefahamiana naye miaka mingi. Ukumbi ule una baridi ya mashine, kwa hiyo Leland alivaa sweta lake la kijani.

Siku ya tatu Otis alianza kutetemeka mabega kwa kicheko.

"Hebu wekeni kalamu chini kidogo," alisema. "Swali ni nini? Sababu za kuanguka kwa ufalme wa Ufaransa, si ndiyo? Sasa sikieni mwanangu huyu." Akasoma. "'Sababu kuu ya kuanguka kwa Mfalme Mnong'ono wa Kwanza ilikuwa uongo. Mfalme huyu alitawala chumba kimoja ghorofa ya pili. Alivaa sweta moja la kijani tangu Septemba mpaka Juni, na wanahistoria bado wanabishana kama liliwahi kufuliwa.'"

Meza nzima ilicheka. Leland naye alicheka. Alisikia kicheko chake mwenyewe kinachelewa.

"Endelea," mwalimu mmoja wa kike alisema, anafuta macho.

"'Aliwaambia raia kwamba bila yeye hawatavuka mto. Raia walipogundua kwamba daraja lipo na halina mlinzi, Mfalme alipiga magoti, akaomba wamwokoe. Raia walishauriana. Waliamua kwamba hapana.'" Otis aligeuza ukurasa. "Mtoto ana kipaji, wallahi. Leland, hata wewe una sweta la kijani, bwana. Jihadhari."

Walicheka tena. Otis alimgeukia amcheke vizuri, akaona uso wa mwenzake. Kicheko chake kilikatika palepale. Alitazama sweta, akatazama kitabu, akakifunga.

"Basi, tufanye kazi," alisema, na siku ile hakumsemesha Leland tena, wala wakati wa chakula hakukaa naye. Nadhani alifanya hivyo kwa wema. Leland aliona afadhali angemtukana.

Sasa, vitabu vya chumba kimoja husafiri pamoja. Otis alikuwa na bahasha ya kwanza, na bahasha iliyofuata ilikuwa mbele ya Leland. Aliifungua. Mwandiko wa kwanza aliujua kabla ya kusoma neno, na wa pili, na wa tatu. Sheria iko wazi: ukitambua kazi ya mwanafunzi wako unanyoosha mkono, unamwita kiongozi wa meza, unampa bahasha. Lakini kunyoosha mkono ni kusema mbele ya watu saba kwamba Mfalme ni mimi. Mkono wake ulibaki mezani.

Bodi ina adhabu iliyo chini ya sifuri. Sifuri ni ya aliyejaribu akashindwa. Aliyeandika nje ya swali kabisa hapewi hata sifuri, anapigiwa kistari. Leland alisoma juu ya Mfalme Mnong'ono na malkia wake wa saladi ya viazi, akapiga kistari. Akasoma jinsi Mfalme alivyotundika ukutani vichwa vya aliowapenda, akapiga kistari. Kila kistari kilikuwa kinakata chumba chake kipande, na kalamu alikuwa ameishika yeye.

Kitabu cha nne kilikuwa cha Cody. Hakikuwa na mzaha wowote. Kilikuwa na mistari michache ya herufi kubwa zisizonyooka.

"Novemba Mfalme aliniambia kulungu watakuwepo mwakani. Babu yangu alikaa msituni peke yake kwa sababu mimi nilikuwa nasoma sababu za mapinduzi. Jioni aliniuliza nimejifunza nini. Sikukumbuka hata moja. Nimepata chuo, na mama wa udahili anasema mtihani huu hawautazami. Nakuandikia wewe unayesahihisha, sijui wewe ni nani. Kama una wanafunzi, usiwaambie hivyo."

Leland aliisoma mara mbili. Otis alikuwa kando yake, kiwiko kwa kiwiko, ameinamia karatasi zake kwa bidii kupita kiasi. Kiongozi wa meza alipita nyuma yao, akauliza kama kuna shida.

"Hamna," alisema Leland. "Huyu hakujibu swali." Akampigia Cody Raddatz kistari, akaweka kitabu juu ya vingine.

Aliporudi Halverton alijua hesabu yake. Waliomchezea walikuwa tisa, wanane wa bahasha yake na yule wa Otis, na baadaye ilijulikana kwamba hata kwenye maswali ya kuchagua walijaza herufi moja kutoka juu mpaka chini. Walibaki sita. Sita kati ya kumi na watano si nusu. Julai ikaingia, na asubuhi moja, akitafuta miwani, alitia mkono kwenye mkoba wa shule akagusa zile karatasi za wale saba. Alizisahihisha hapohapo mezani jikoni kwa kipimo kilekile cha Kansas City, bila kupendelea, maana alikuwa hajui hata kupendelea. Watatu walipata tatu. Wawili walipata nne. Mmoja alipata mbili. Kazoua Thao, mwandiko wake mdogo, aliandika insha ya kuanguka kwa ufalme iliyopangika mwanzo mpaka mwisho. Alipata tano.

Leland alipiga hesabu upya. Sita na sita, kumi na wawili, kati ya ishirini na wawili. Ilikuwa zaidi ya nusu. Alivaa tai, akachukua karatasi, akaenda kwa mkuu wa shule karibu anakimbia.

Gretchen Sobczak alikuwa na majibu ya Bodi kwenye kompyuta.

"Sita," alisema. "Pole, Leland. Brynn Halloran ana tano. Utapata picha moja."

"Brynn?"

"Ameniandikia leo asubuhi, amefurahi. Chuo chake kinampunguzia somo moja. Wewe hujapata ujumbe?"

Leland hakuwa amepata ujumbe wowote. Kumbe binti yule, aliyewapangia wenzake mchezo mzima kwenye sebule ya baba yake, siku yenyewe aliketi ukumbini akajibu maswali yake yote vizuri, akapitia na makosa. Leland aliweka zile karatasi mezani.

"Hizi hapa, Gretchen. Zitazame. Mtihani halisi wa mwaka wa nyuma, saa zilezile, siku ileile. Saba hawa, sita wamefaulu. Ukiwajumlisha tuna kumi na wawili kati ya ishirini na wawili. Kamati wanataka nusu, nusu hii hapa."

Mkuu wa shule alizipitia moja moja. Hakuwa na haraka. Alifika kwenye ya Kazoua, akaisoma mpaka mwisho.

"Hii ni tano."

"Tano kabisa. Ningeitetea Kansas City mbele ya mtu yeyote."

"Lakini hawa hawakujiandikisha."

"Hawakujiandikisha, najua, lakini kusoma wamesoma. Wamefundishwa na mimi. Si ndicho wanachotaka kujua, kwamba nafundisha?"

"Kwa nini hawakujiandikisha, Leland?"

Leland alinyoosha tai yake. Dirishani mtunza uwanja alikuwa anakata nyasi, akienda na kurudi.

"Thao alikuja hapa Novemba," alisema Gretchen. "Alikaa kwenye kiti hicho hicho. Aliniuliza kama mtoto anaweza kujiandikisha hata kama mwalimu wake hataki. Inaruhusiwa, unajua. Nilikuwa na fomu hapa kwenye droo. Nikamwambia, mwanangu, mwalimu Brandvold anaijua kazi yake. Mimi mwenyewe aliniambia mtihani huu si wa kwangu, nikakaidi, nikapata mbili. Msikilize."

Aliziweka karatasi sawasawa, akamrudishia.

"Akaniambia asante, akaondoka. Chuo kitamfundisha historia ya Ulaya upya, tangu mwanzo, na atailipia."

Leland alizipokea. Alitaka kusema kitu kuhusu nusu, kuhusu kamati, kuhusu miaka thelathini na mbili, na sauti ikatoka chini mno, Gretchen akalazimika kuinama mezani.

"Sijakusikia," alisema.

"Nimeuliza udereva unaanza lini."

"Jumatatu ya pili ya Agosti. Funguo za gari ziko kwa katibu. Na zile picha za ukutani, zitoe mwenyewe kabla ya hapo, fundi wa rangi anakuja."